Namba Iliyojaza Mashimo Thelathini na Moja

Lichukue bao la Kiswahili, lile la safu nne zenye mashimo manane manane, uliweke juu ya jamvi, kisha uziondoe kete zake zote 64, kwa maana hesabu tunayokusudia kuifanya haihusiani na mchezo. Tia kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na uendelee hivyo, kila shimo ukilipa maradufu ya lile lililolitangulia. Kete za mchezo zitakuishia mapema, kwani mashimo sita ya mwanzo huchukua 63, ikakusalia moja tu mkononi. Lakini tujaalie kwamba unazo kete zisizokwisha, na kwamba mashimo hayana kina, ukaendelea hata ukalifikia shimo la thelathini na moja, ambalo peke yake humeza kete 1,073,741,824. Hapo simama. Shimo la thelathini na mbili liache tupu, ukazijumlishe kete zote zilizomo baoni, nawe utaikuta jumla yake kuwa ni 2,147,483,647.

Namba hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza, na wanahisabu huiandika kwa ufupi kuwa ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Sababu ya maandishi hayo inaonekana baoni penyewe, kwa kuwa jumla ya mashimo yaliyojaa daima hupungua kwa kete moja tu kuliko kile ambacho shimo linalofuata lingekitaka: mashimo mawili yana kete 3, na la tatu lataka 4, mashimo matatu yana 7, na la nne lataka 8, na vivyo hivyo mpaka mwisho. Mtu akizihesabu kete zetu moja kwa kila sekunde, asile wala asilale, atamaliza baada ya miaka 68 na siku chache, na namwomba msomaji aiweke akilini miaka hiyo 68, kwani itatufaa huko mbele.

Ajabu ya namba hii, hata hivyo, si ukubwa wake. Ajabu yake ni kwamba ukitaka kuzigawa kete hizo katika mafungu yaliyo sawa, pasibaki hata moja, hutaweza kamwe, iwe ni mafungu mawili au matatu, iwe ni mia au milioni, isipokuwa uziache zote katika fungu moja, au uzitawanye moja moja. Namba yenye tabia hiyo vitabu vyetu vya shule huiita namba tasa, na Waarabu huiita awwali, yaani ya kwanza. Jina letu ni zuri kwa ufupi wake, ila nionavyo mimi limeelekea upande mmoja tu wa jambo, kwa kuwa tasa ni asiyezaa, ilhali namba hizi ndizo zinazozizaa nyingine zote kwa njia ya kuzidishwa: 12 imetoka katika 2 na 2 na 3, na 35 imetoka katika 5 na 7, na hakuna namba iliyo kubwa kuliko 1 ambayo si tasa yenyewe wala haikutokana na tasa. Zinachokosa si wana bali ni wazazi, na ndiyo maana nahisi kwamba Waarabu walipoziita za kwanza waliligusa jambo katika kiini chake.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kuyatazama mashimo haya kwa jicho la elimu alikuwa Euclid wa Iskandaria, aliyeishi karibu miaka 300 kabla ya Masihi. Yeye alivutiwa na namba zinazoitwa kamilifu, yaani zile ambazo vigawo vyake, ukiiondoa namba yenyewe, vikijumlishwa huirudisha namba ile ile: kama 6, ambayo hugawika kwa 1, 2 na 3, na jumla ya hizo ni 6, na kama 28, ambayo ni jumla ya 1, 2, 4, 7 na 14. Katika kitabu cha tisa cha mkusanyo wake wa Misingi, Euclid alithibitisha kanuni ambayo kwa lugha ya bao twaweza kuieleza hivi: jaza mashimo, ukikuta jumla yake ni namba tasa, izidishe jumla hiyo kwa kete za shimo la mwisho ulilolijaza, na zao lake litakuwa namba kamilifu. Mashimo mawili yana kete 3, shimo la mwisho lina 2, nawe unapata 6. Mashimo matatu yana 7, la mwisho lina 4, nawe unapata 28. Mashimo matano yana 31, la mwisho lina 16, nawe unapata 496. Kanuni ya kinyume chake, kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa lazima itoke kwa njia hii na si nyingine, aliihangaikia Ibn al-Haytham, mwanachuoni mkubwa wa Basra aliyemalizia umri wake Misri katika karne ya 11, asiufikishe uthibitisho wake ukingoni, mpaka ukaja kukamilika miaka zaidi ya 700 baadaye.

Basi yeyote aliyetaka namba kamilifu alilazimika kuuliza swali hili: ni mashimo mangapi yakijazwa ndiyo hutoa namba tasa? Sehemu ya jibu ni nyepesi. Idadi ya mashimo ikiwa yenyewe inagawika, basi kete nazo hugawika. Tazama mashimo sita, ambayo ni mafungu mawili ya mashimo matatu matatu: matatu ya kwanza yana kete 1, 2 na 4, yaani 7, na matatu ya pili yana 8, 16 na 32, yaani 56, ambayo ni 7 mara nane, hivyo jumla yote ni 7 mara tisa, na haiwezi kuwa tasa. Kwa hiyo idadi ya mashimo sharti iwe tasa kwanza. Lakini sharti hilo halitoshi, na hapa ndipo wengi walipoteleza, kwa kuwa mashimo 2, 3, 5 na 7 yote hutoa namba tasa, na mtu mwenye haraka angeliweza kudhani kuwa mambo ni hivyo daima, ilhali mashimo 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Mwitaliano Pietro Cataldi wa Bologna, katika mwaka 1588, alizihakiki kwa kugawa na kugawa tena namba za mashimo 17 na 19, akathibitisha kuwa zote mbili ni tasa, na ile ya mashimo 19, yaani 524,287, ilikuwa kazi ya subira kubwa. Kisha akasema pia kwamba mashimo 23, 29, 31 na 37 hutoa namba tasa, na hapo alikuwa amekwisha kuiacha njia ya kuhakiki akaingia katika njia ya kudhani, maana katika madai hayo manne matatu yalikuwa ya uongo. Pierre de Fermat wa Ufaransa aliyabatilisha la 23 na la 37 katika mwaka 1640, na la 29 likaja kubatilishwa na Leonhard Euler karibu miaka mia baadaye. Katika mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne, Mfaransa vilevile, ambaye jina lake ndilo lililobaki katika namba za namna hii, alitangaza orodha yake, akaiingiza 31 ndani yake, lakini orodha hiyo nayo ilikuwa na makosa, kwani iliziingiza 67 na 257 zisizostahiki, ikaziacha 61, 89 na 107 zinazostahiki. Hivyo basi, hata ikapita miaka 128 baada ya Mersenne, namba yetu ilikuwa imesemwa kuwa ni tasa na watu wawili wenye heshima zao, na bado hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa na haki ya kusema kwamba anajua.

Tafauti hiyo, baina ya kusema na kujua, ndiyo inayonifanya niipende hadithi ya namba hii kuliko namba nyingine kubwa kuliko yenyewe. Kujua kwa njia ya kawaida kungekuwaje? Ungeigawa namba yetu kwa kila namba tasa, kuanzia 2, ukitazama kama inabaki kitu. Si lazima ufike mbali sana, kwa sababu namba ikigawika katika vigawo viwili, kimojawapo lazima kiwe kidogo kisichopita kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kitu kidogo. Lakini namba tasa zilizo chini ya 46,340 ni zaidi ya 4,700, na kila moja ingetaka kugawanywa kwa kalamu namba yenye tarakimu kumi, na kosa moja tu, katika tarakimu moja, ya mgawanyo mmoja, linatosha kuiharibu kazi ya miezi.

Aliyekuja kuufungua mlango huu ni Euler, naye aliufungua katika hali ambayo mtu mwingine angeiona kuwa ni ya kujipumzikia. Alizaliwa Basel, Uswisi, katika mwaka 1707, na sehemu kubwa ya maisha yake akaitumia Saint Petersburg, Urusi. Jicho lake la kulia lilipoteza nuru alipokuwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. La kushoto likaingia mtoto wa jicho katika mwaka 1766. Akapasuliwa katika mwaka 1771, na badala ya kupona akabaki katika giza takriban kamili, na katika mwaka huo huo nyumba yake ikateketea kwa moto. Alikuwa na umri wa miaka 65, akifanya hesabu zake kichwani na kuwatamkia wanawe na wasaidizi waandike, na ni katika mwaka 1772 ndipo alipomwandikia Johann III Bernoulli barua, iliyokuja kutangazwa katika majarida ya Chuo cha Elimu cha Berlin, ikieleza kwa maneno machache jinsi alivyoyakinisha kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa.

Burhani yake inastahiki kuelezwa taratibu, kwani haidai zaidi ya subira ya msomaji. Tuanze na mfano mdogo, wa namba 23. Anza na 1, uizidishe kwa 2, kisha jibu uzidishe tena kwa 2, na kila jibu likipita 23 uondoe 23 ubaki na salio. Utapata 1, 2, 4, 8, 16, kisha 9, 18, 13, 3, 6, 12, na baada ya 12 unarudi kwenye 1, kama kete zinavyosambazwa zikalizunguka bao zikarejea zilikoanzia. Umerudi baada ya hatua 11, na maana ya kurudi huko ni kuwa 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, inagawika kwa 23 bila baki. Nasi tumekwisha kuona kuwa 2,047 ni 23 mara 89. Sasa Fermat alikuwa amegundua kwamba kwa namba yoyote tasa iliyo witiri mzunguko huu lazima uwe umerudi kwenye 1 pale unapotimiza hatua zilizo pungufu ya namba hiyo kwa moja. Kwa 23 hatua hizo ni 22, na kweli 22 ni mizunguko miwili kamili ya hatua 11.

Tuichukue kanuni hiyo tuielekeze kwa namba yetu. Tuseme pana namba tasa fulani, ya siri, inayoigawa 2,147,483,647. Basi kwa namba hiyo ya siri mzunguko wa kuzidisha kwa 2 unarudi baada ya hatua 31, na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, mzunguko hauwezi kuwa mfupi zaidi ya hapo. Kwa kanuni ya Fermat, namba ya siri ukiipunguza moja lazima iwe ni mizunguko kamili ya hatua 31. Na kwa kuwa namba ya siri ni witiri, ukiipunguza moja inakuwa shufwa, kwa hiyo lazima igawike kwa 62. Kwa maneno mengine, adui yetu hawezi kujificha mahali popote apendapo. Anaweza kuwa 63, au 125, au 187, au 249, au 311, akiruka 62 kila hatua, na kwengineko hayupo. Laiti Cataldi angeliijua kanuni hii, asingelikosea, kwani kwa mashimo 23 mtuhumiwa wa kwanza kabisa ni 47, naye ndiye mkosaji. Kwa mashimo 37 watuhumiwa ni 75, 149 na 223, na wa tatu ndiye. Na kwa mashimo 29 ni 59, 117, 175 na 233, na wa nne ndiye.

Kisha Euler akachuja mara ya pili. Kama namba ya siri inaigawa namba yetu, basi 2 kwa kipeo cha 31 inaacha baki 1, na 2 kwa kipeo cha 32 inaacha baki 2. Lakini 2 kwa kipeo cha 32 ni mraba, kwani ni 65,536 mara 65,536. Hivyo tumepata mraba ambao, ukigawanywa kwa namba ya siri, huacha baki 2. Si kila namba tasa inayokubali jambo hilo. Inalikubali 7, kwani mraba wa 3 ni 9. Inalikubali 23, kwani mraba wa 5 ni 25. Bali 5, 11 na 13 hazilikubali hata ujaribu miraba yote, na wanahisabu walijua kwamba zinazolikubali ni zile tu ambazo, zikigawanywa kwa 8, huacha 1 au 7. Sharti hilo likiunganishwa na lile la 62, nusu ya watuhumiwa wanaachiliwa huru, wakabaki wale tu ambao wakigawanywa kwa 248 huacha 1 au 63. Hesabu yao mpaka 46,340, tukiitoa 63 yenyewe ambayo yajulikana kuwa si tasa, ni 372, na wengi miongoni mwao huondoka kwa kutazamwa tu, kwa kuwa wanagawika kwa 3, au 5, au 7, na kigawo chochote cha siri lazima kiwe tasa.

Msomaji mwenye karatasi na dakika chache aweza kuionja kazi hiyo. Wa kwanza katika orodha anayestahiki kujaribiwa ni 311: igawe 2,147,483,647 kwa 311 utapata 6,905,092 na baki 35, basi si yeye. Wanaofuata, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241, wote si tasa, na wa pili wa kujaribiwa ni 1,303, anayeacha baki 226, basi naye si yeye. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho wa orodha, kila mlango ukibishwa na nyuma yake pasiwe na mtu, hata ilipokwisha ikawa ni yakini, si kwa nguvu ya mgawanyaji, bali kwa kuwa zaidi ya namba tasa elfu nne zilikuwa zimekwisha kuondolewa kwa fikra kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kwa uthibitisho huo ikapatikana pia namba kamilifu ya nane, yaani 2,147,483,647 mara 1,073,741,824, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwingereza Peter Barlow aliandika katika mwaka 1811 kwamba namba kamilifu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, kwa hoja kwamba mambo haya ni ya kustaajabisha tu pasipo manufaa, na kwamba hatapatikana mtu wa kujitaabisha apite hapo. Alikuwa mtu wa elimu na hakusema kwa ujinga, lakini alikosea katika yote mawili, katika watu na katika manufaa.

Katika watu kosa lake lilionekana kwanza. Katika mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha namba ya mashimo 127, yenye tarakimu 39, kwa njia mpya isiyotafuta vigawo hata kidogo. Njia hiyo, kwa sura aliyokuja kuipa Mmarekani Derrick Henry Lehmer katika mwaka 1930, ni hii: anza na 4, itwae mraba, toa 2, bakisha salio la kugawanya kwa namba unayoijaribu, na urudie, hatua zikiwa pungufu ya mashimo kwa mbili, ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa, na usipoishia hapo, siyo. Kwa mashimo saba, yaani 127, unapata 14, kisha 67, 42, 111, na hatua ya tano ni sifuri. Kwa namba ya Euler ni hatua 29 tu badala ya watuhumiwa 372. Kasisi wa Kirusi Ivan Pervushin akaipata ile ya mashimo 61 katika mwaka 1883. Mmarekani Frank Cole, katika mwaka 1903, akaonyesha hadharani kwamba ya mashimo 67, aliyoidai Mersenne, ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Na kompyuta zilipoingia katika mwaka 1952 mbio zikawa za namna nyingine. Kubwa iliyopatikana katika mwaka 2024, kwa ushirika wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 1996 wa kuziunganisha kompyuta zao, ni ya mashimo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320.

Namba yetu imeachwa nyuma sana katika mbio hizo, lakini ina tabia zake za peke yake. Imekaa baina ya majirani wawili wasiofanana hata kidogo: wa juu yake, 2,147,483,648, hakujengwa kwa kitu kingine ila 2, na wa chini yake, 2,147,483,646, amekusanya vigawo vya kila namna, yaani 2, 3 mara mbili, 7, 11, 31, 151 na 331, na ile 31 imo humo kwa lazima, kama kanuni ya Fermat inavyotaka. Aidha, 31 yenyewe ni jumla ya mashimo matano, na hivyo namba yetu ni mtoto wa namba ya ukoo ule ule. Mtu aweza kutamani kwamba ukoo uendelee, na kwamba bao lenye mashimo 2,147,483,647 litoe namba tasa nalo, lakini haikuwa hivyo. Namba hiyo, yenye tarakimu zaidi ya milioni 646, inagawika kwa 295,257,526,626,031, na kigawo hicho nacho kimeitii kanuni ya Euler, kwani ukikipunguza moja ni 2,147,483,647 mara 137,490.

Na manufaa je? Tuliona kwamba kuzidisha kwa 2 na kuondoa namba yetu hurudi kwenye 1 baada ya hatua 31 tu. Lakini ukizidisha kwa 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, mzunguko huchukua hatua 2,147,483,646, ukiipitia kila namba iliyo chini ya namba yetu mara moja moja kabla ya kurudi, na mpangilio wa kuipitia kwake unaonekana kama wa bahati nasibu. Mbinu hii, ambayo asili yake ni Lehmer yule yule, imetumiwa kwa miaka mingi katika programu za kompyuta zinazohitaji kuiga mambo ya kubahatisha, kama vile mtawanyiko wa chembe au misongamano ya foleni. Inafaa kwa sababu namba ni tasa. Ingekuwa na vigawo, mizunguko ingekatika vipande vifupi.

Na tena lipo bao lenyewe. Ndani ya kompyuta za kawaida za miaka ya karibuni namba ziliwekwa katika mashimo 32 hasa, yanayoitwa biti, kila moja likiwa ama tupu ama limejaa, na thamani zake ni zile zile za kete zetu, 1, 2, 4, 8, na kuendelea. Mashimo 31 hubeba namba, na la thelathini na mbili huwekwa kando kuwa alama ya kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Hivyo namba kubwa kuliko zote ambayo bao hilo laweza kuibeba ni mashimo 31 yakiwa yamejaa yote, na namba hiyo ni ya Euler. Ikiongezwa moja, mashimo yote 31 humwagika na kitu kimoja hukaa katika shimo la mwisho, na kompyuta huisoma kuwa ni hasi 2,147,483,648.

Wahandisi walioiunda mifumo hiyo walikubaliana kuuhesabu wakati kwa sekunde, wakianzia usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich, na tangu hapo ndani ya mashine nyingi mno kete moja imekuwa ikiongezwa kwa kila sekunde, kama yule mtu wetu asiyekula wala kulala. Mashine mpya zimekwisha kupewa bao la mashimo 64, nazo hazina hofu. Lakini zipo kongwe, zilizofichwa ndani ya mitambo ambayo watu wameshasahau kuwa ina saa, ambazo bado zinahesabu kwa mashimo 32, na ambazo wahandisi sharti wazitafute na kuzirekebisha kabla ya siku yake. Miaka 68 itatimia, na siku 18 juu yake, asubuhi ya Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam itakuwa ni saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde saba, wakati jua linapokaribia kuchomoza baharini. Shimo la thelathini na moja litakuwa limejaa sawasawa na yote yaliyo chini yake, na sekunde itakayofuata, kwa mashine ambayo haikurekebishwa, itakuwa ni usiku wa Ijumaa tarehe 13 Disemba 1901.